Dawa Inapiga Wapi

Mtu akishikwa na homa Kware, ile ya Embakasi Kusini iliyobanana na Pipeline na Mukuru kwa Njenga, huwa haanzi na hospitali. Hospitali ni nauli, ni foleni, na pengine ni siku nzima ya kibarua iliyopotea. Chemisti iko chini ya ghorofa analoishi, kati ya kinyozi na duka la M-Pesa, na bado iko wazi watu wakirudi kutoka Industrial Area. Dirishani hapo mazungumzo huwa mafupi.

"Daktari, nipatie Flagyl na ile ya rangi mbili. Tumbo."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu juzi. Nipatie za hamsini tu."

Nyuma ya wavu wa chuma, mkono unavuta karatasi ya vidonge, mkasi unakata vinne upande huu na vinne upande ule, vinatumbukizwa kwenye bahasha mbili ndogo, na juu ya kila bahasha kalamu inaandika 1x3. Kimoja, mara tatu kwa siku. Jina la dawa limebaki kwenye kipande cha karatasi kilichorudishwa rafuni.

Kisheria antibiotiki ni dawa ya kuandikiwa na mhudumu wa afya, na Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayosimamia wauzaji. Lakini simlaumu huyo mama. Anajua mshahara wa siku moja ni kiasi gani, anajua vipimo vinagharimu nini, na mara iliyopita alipomeza vidonge vya hamsini alipona. Kwamba angepona hata bila vidonge, kama inavyokuwa kwa magonjwa mengi ya kuhara, hilo halionekani kwa macho. Swali langu hapa ni jingine: vile vidonge vinane vikishashuka tumboni, vinapiga wapi?

Kuua bakteria si kazi ngumu. Jik kidogo kwenye maji huwamaliza wengi, na sufuria ikichemka wengi hawabaki. Ugumu ni kuwaua wakiwa ndani ya mtu na mtu akabaki mzima. Mjerumani Paul Ehrlich alihangaikia jambo hilo miaka mingi, na mwaka 1910 dawa yake ya kaswende, Salvarsan, ikaanza kuuzwa. Ilitengenezwa kutokana na aseniki, na wagonjwa waliteseka nayo, lakini iliumiza kimelea zaidi ya ilivyomuumiza mgonjwa. Tangu hapo kila dawa nzuri imefuata njia hiyo: inatafuta kiungo ambacho kimelea anacho na binadamu hana, au anacho cha umbo tofauti, kisha inapiga hapo. Kwa hiyo hakuna dawa ya vijidudu kwa jumla. Ipo inayopiga ukuta, ipo inayopiga utengenezaji wa protini, ipo inayopiga DNA. Kimelea asiye na kiungo hicho hasikii kitu.

Tuanze na ukuta. Seli ya mwili wako imezungukwa na utando laini tu. Bakteria wengi huongezea juu ya utando huo ukuta wa peptidoglikani, yaani nyuzi ndefu za sukari zilizofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya protini. Wanauhitaji kwa sababu ndani yao mna vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko nje, na maji hayaachi kuvutwa kuingia. Bila ukuta wangevimba na kupasuka. Mkazi wa Kware ameona kazi ya namna hii kila akiinua macho, maana hapo hapakosi ghorofa linaloongezwa: fundi amepanga vyuma vya nguzo, na msaidizi wake anafunga kila makutano kwa waya laini. Vyuma vinaweza kuwa vingi kiasi gani, lakini visipofungwa ni fito tu zilizosimama. Bakteria anacho kimeng'enya kinachofunga makutano hayo. Penisilini ina umbo linalofanana na ncha ya kile kipande kinachotakiwa kufungwa; kimeng'enya kinaishika, nayo inanasa hapo na haitoki. Nyuzi mpya zinaendelea kuletwa, za zamani zinaendelea kukatwa ili bakteria akue, lakini hakuna anayefunga. Ukuta unalegea, maji yanaingia, bakteria anapasuka.

Alexander Fleming aliona kuvu ikifanya hivyo kwenye sahani ya maabara London mwaka 1928. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley kule Oxford kuipata dawa yenyewe kwa kiasi cha kumpa mtu. Februari 1941 walimchoma sindano polisi aliyeitwa Albert Alexander, ambaye maambukizi yalikuwa yamemla uso. Akaanza kupata nafuu. Penisilini ilikuwa adimu hivi kwamba waliikusanya kutoka kwenye mkojo wake, wakaisafisha na kumrudishia. Ikaisha kabla ya ugonjwa kuisha, na mwezi uliofuata akafariki. Nataja kisa hiki kwa sababu kina fundisho la kifamasia ambalo husahaulika: penisilini nyingi hutoka kwenye mkojo ikiwa nzima, na hutoka haraka. Ile 1x3 ya kwenye bahasha inatokana na hesabu hiyo. Amoksilini ikishamezwa hupungua mwilini kwa saa chache tu, na ikipungua chini ya kiwango fulani bakteria anarudia kufunga ukuta wake.

Amoksilini, ampisilini, kloksasilini, na hata seftriaksoni inayochomwa hospitalini, zote hupiga hapo hapo ukutani. Zote basi zina udhaifu mmoja: haziwezi kumuumiza asiye na ukuta. Kirusi cha mafua hakina ukuta. Hakina hata seli. Mtoto anayekohoa kwa mafua akipewa Amoxil, dawa inapita kwenye damu yake yote bila kukuta inachotafuta, isipokuwa bakteria wa tumboni ambao hawakumkosea mtu. Yuko hata bakteria wa nimonia, Mikoplasma, anayeishi maisha yake yote bila ukuta. Kwake amoksilini ni maji.

Shabaha ya pili ni ribosomu, chembe ndogo ndani ya seli inayounganisha protini. Binadamu anazo, bakteria anazo, ila zake ni ndogo na zimejengwa tofauti, na tofauti hiyo imetosha kuzaa dawa nyingi: tetrasaiklini na doksisaiklini, erithromaisini na azithromaisini, jentamaisini, kloramfenikoli. Karibu zote asili yake ni bakteria wa udongoni, ambao wamepigana kwa kemikali hizi tangu kabla hatujakuwepo. Erithromaisini ilitoka kwenye udongo uliochotwa Iloilo, Ufilipino, mwaka 1949.

Tofauti hiyo, hata hivyo, si kamili. Ndani ya seli zetu mna mitokondria, vile vinavyotupa nguvu, na ribosomu za mitokondria zinafanana na za bakteria kuliko zinavyofanana na zetu nyingine. Kloramfenikoli inazigusa, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu usiku na mchana ndio unaoumia kwanza. Tetrasaiklini nayo hushikamana na kalisiamu. Ndiyo sababu watoto wadogo hawapewi, maana huingia kwenye meno yanayoota na kuyaacha ya kahawia. Na ndiyo sababu ukiimeza kwa chai ya maziwa, sehemu yake nzuri inashikwa na kalisiamu ya maziwa na kutoka nje bila kuingia damuni. Siprofloksasini ina tabia hiyo pia. Sijui ni wangapi Nairobi wameambiwa hilo na mtu aliyewauzia. Kumeza dawa kwa chai ya asubuhi ndiyo desturi ya nyumba nzima.

Ile "rangi mbili", kwa njia, inaweza kuwa amoksilini, inaweza kuwa tetrasaiklini, inaweza kuwa mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini. Moja inapiga ukuta, nyingine inapiga ribosomu. Rangi ya ganda huchaguliwa na kiwanda.

Septrin ndiyo ninayoipenda zaidi kuieleza, kwa sababu jibu lake liko kwenye sahani ya jioni. Kila seli inayogawanyika inahitaji folati ili itengeneze DNA. Sisi hatujui kuitengeneza. Tunaila, na sukuma wiki na maharagwe yana folati ya kutosha. Bakteria wengi hawawezi kuichukua kutoka nje, wanaijenga wenyewe hatua kwa hatua. Septrin ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Sulfamethoksazoli inaziba hatua moja ya ujenzi huo, trimethoprimu inaziba nyingine mbele yake. Ile hatua ya kwanza binadamu hana kabisa. Ya pili anayo, ila kimeng'enya chake hakishikwi na trimethoprimu kwa urahisi. Waliopimwa wakakutwa na virusi vya UKIMWI wameijua Septrin kwa miaka mingi, maana walipewa ya kila siku kuzuia nimonia na maambukizi mengine, na imeokoa watu wengi kabla hata ARV hazijaenea.

DNA ndiyo shabaha ya siprofloksasini. Uzi wa DNA ya bakteria ni mrefu mara nyingi kuliko bakteria mwenyewe. Umesokotwa na kukunjwa, na unaponakiliwa lazima ukatwe, usokotolewe, uungwe tena. Kimeng'enya cha kazi hiyo huitwa gairesi. Sipro inakinasa kikiwa kimeshakata na hakijaunga. Bakteria anabaki na DNA iliyovunjika.

Flagyl ni hadithi ya peke yake, na kwa kuwa ndiyo iliyoombwa dirishani, tuikawilie kidogo. Metronidazoli, dawa iliyomo ndani yake, inapoingia kwenye seli haina madhara. Inageuka kuwa sumu pale tu inapokuta seli inayoishi bila oksijeni, kwa sababu seli hizo huzalisha nguvu kwa njia inayoipa dawa hiyo elektroni. Hapo inavunjika na mabaki yake yanakatakata DNA. Kwa hiyo inawapiga amiba, giadia, trikomona, na bakteria wa kwenye majipu ya ndani na fizi zilizooza. Haimpigi bakteria wa taifodi. Haimpigi wa kipindupindu. Haigusi virusi vya rota vinavyoharisha watoto. Mtu mwenye amiba ataona maajabu yake. Wengine wote wenye "tumbo" wataonja ule uchungu wa chuma mdomoni, na tumbo litapoa siku ya tatu kwa wakati wake lenyewe, kisha Flagyl itasifiwa.

Vimelea wengine niwapitie upesi. Kuvu ni ndugu zetu wa karibu kuliko bakteria, seli zao zinafanana na zetu, kwa hiyo shabaha ni chache: dawa nyingi za mashilingi na za fangasi ya mdomoni hushambulia ergosteroli, mafuta yaliyomo kwenye utando wa kuvu mahali ambapo sisi tuna kolesteroli. Kimelea wa malaria hula hemoglobini yetu na kubaki na taka ya chuma, na dawa za jamii ya artemisinini huwashwa na chuma hicho hicho. Malaria nyingi zinazopatikana Nairobi zimesafiri na basi kutoka Nyanza, Magharibi au Pwani, jambo ambalo muuzaji mzuri huuliza kabla ya kutoa dawa: umetoka nyumbani lini? Virusi havina viungo vingi vya kupigwa, hasa ni vimeng'enya vichache vinavyovisaidia kujinakili ndani ya seli yetu, na ARV nyingi zimejengwa juu ya hivyo.

Kifua kikuu hakipitiwi upesi, kwa sababu Afrika Mashariki ina deni la kudai hapa. Bakteria wake ana ukuta uliopakwa nta, anagawanyika polepole sana, na wengine hulala bila kujenga chochote kwa muda mrefu. Asiyejenga hapigwi na dawa ya ujenzi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 tiba ilikuwa ya miezi 18, na watu waliiacha njiani. Kisha madaktari wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walijaribu jambo lililoonekana la hatari: miezi 6 tu, lakini wakiongeza rifampisini au pirazinamidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, na yalionyesha kwamba miezi 6 inaweza. Rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, hupiga kimeng'enya kinachosoma DNA, na humpata bakteria hata katika vile vipindi vifupi anapoamka. Tiba ya miezi 6 iliyoenea duniani kwa miongo iliyofuata ilipimwa kwanza kwenye miili ya wagonjwa wa hospitali zetu. Vitabu vya shule vya Kenya vinamtaja Fleming. Madaktari na wagonjwa hao siwaoni.

Dawa nne za kifua kikuu zinatolewa pamoja mwanzoni mwa tiba kwa sababu ya hesabu. Kati ya mamilioni ya bakteria waliomo kwenye pafu lililooza, wachache wamezaliwa na kosa kwenye DNA linalowakinga na dawa moja. Kupata mmoja mwenye makosa mawili yanayofaa kwa wakati mmoja ni nadra sana, matatu ni nadra kupindukia. Dawa moja peke yake inawapalilia wale wachache. Hilo lilionekana mara tu streptomaisini ilipoanza kutumika peke yake miaka ya 1940: wagonjwa walipona kwa miezi michache, kisha wakaanguka tena, safari hii na bakteria asiyejali.

Tuje sasa kwenye taifodi, ugonjwa ambao Mukuru na Kware wanaujua kwa jina kama wanavyojua mafua. Wanaujua mno, nadhani. Kipimo kinachofanywa sana kwenye kliniki ndogo ni cha Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896, na kinachopima ni kingamwili za mgonjwa, si bakteria. Mtu aliyeugua mwaka jana anaweza kuwa nazo. Aliyepata Salmonela wa aina nyingine anaweza kuwa nazo. Katika mtaa ambao watu hukutana na bakteria hao kila mwaka, karatasi ya "taifodi positive" haikuambii mengi, na hutoka nyingi kupita kiasi. Njia ya uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara, kazi ya siku kadhaa na pesa, na hata hiyo huwakosa wagonjwa wengi.

Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakiongozwa na Samuel Kariuki, waliifanya kazi hiyo ndefu kwa watoto wa chini ya miaka 16 katika mtaa wa mabanda wa Nairobi. Kwa miaka mitatu walichunguza watoto 4,670 wenye homa na wengine 8,549 wasio na homa. Walipata bakteria wa taifodi kwa wagonjwa 148. Na kwa watoto waliokuwa wazima, wanaocheza, wasiolalamika chochote, walimpata kwenye choo cha 95. Asilimia 76 ya bakteria waliotoka kwa wagonjwa walikuwa sugu kwa dawa nyingi kwa mpigo. Kwa wale wazima, asilimia 88.

Sugu kwa dawa zipi? Ampisilini, kloramfenikoli na Septrin, dawa tatu zilizotibu taifodi kwa miongo kadhaa. Karibu wote walikuwa wa ukoo mmoja unaoitwa H58, uliotokea Asia Kusini na kuingia Afrika Mashariki zaidi ya mara moja katika miongo ya karibuni. Ukoo huo mara nyingi umebeba kipande cha DNA cha ziada, plasmidi, chenye jeni za kujikinga zilizopangwa mfululizo. Inafaa kuona zinavyofanya kazi, kwa sababu kila jeni linajibu shabaha tuliyoipitia. Moja hutengeneza kimeng'enya kinachovunja pete ya ampisilini, ile sehemu inayonasa ukutani. Jingine hubandika kipande cha kemikali juu ya kloramfenikoli hadi isiweze kukaa kwenye ribosomu. Mengine huleta vimeng'enya mbadala vya kujenga folati, ambavyo Septrin haiwezi kuvishika; vile vya asili vinazibwa kama kawaida, na bakteria anaendelea kwa vya akiba. Kwa kuwa yote yamo kwenye plasmidi moja, kutumia dawa yoyote kati ya hizo tatu kunalinda ukinzani dhidi ya zote. Plasmidi pia hupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti, ndani ya utumbo wa mtu anayemeza vidonge vya kikohozi.

Madaktari walihamia siprofloksasini. Bakteria hakuhitaji plasmidi kwa hiyo. Badiliko la herufi moja kwenye jeni la gairesi linatosha kuifanya sipro ishike kwa ulegevu, na mabadiliko hayo yameshaonekana kwa bakteria wa Kenya. Zimebaki hasa seftriaksoni ya sindano na azithromaisini ya kumeza. Huko Hyderabad, Pakistan, mwaka 2016 aliibuka wa H58 aliyepata plasmidi nyingine inayovunja hata seftriaksoni. Kwa dawa za kumeza, huyo anatibika kwa azithromaisini tu.

Kuna jambo ambalo karatasi ya maabara inaweza kukudanganya nalo. Ukimwotesha bakteria wa taifodi kwenye sahani na kumwekea jentamaisini, anakufa vizuri kabisa. Mchome mgonjwa jentamaisini hiyo hiyo, homa haishuki. Sababu ni kwamba bakteria huyu hukaa ndani ya seli nyeupe za damu, zile zilizotumwa kumla, na jentamaisini haipenyi seli kwa urahisi. Azithromaisini hupenya na hujikusanya humo. Kuwa na shabaha hakutoshi. Lazima dawa ifike.

Hapa watu hupenda kusema tatizo ni watu kutomaliza dozi. Kwa kifua kikuu ni kweli kabisa, na kwa taifodi pia, kwa sababu ukikatiza njiani ugonjwa hurudi. Lakini kwa maambukizi mengi ya kawaida utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba siku chache zinatibu sawa na nyingi, na nyongeza kazi yake kubwa ni kuwachuja bakteria wasiohusika wa tumboni. Ukiandikiwa siku saba, meza siku saba, hilo sipingi. Ninachopinga ni lawama kumwendea mama wa vidonge vinane kwa sababu hakununua 21 vya kila aina, wakati kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuhitaji hata kimoja. Hakuwa na njia ya kujua. Wala aliyemuuzia hakuwa nayo.

Wale watoto 95 wazima ndio walionisumbua zaidi nilipousoma utafiti ule. Bakteria wa taifodi anaweza kujificha kwenye kibofu cha nyongo, hasa chenye vijiwe, ambako hujifunika kwa utelezi na dawa haimfikii vizuri, na mwenyewe hasikii maumivu. Mpishi wa New York, Mary Mallon, aliishi hivyo hadi kifo chake mwaka 1938, akiwa amefungiwa karantini jumla ya miaka 26. Bakteria anayetoka kwa watu wa aina hiyo huingia majini, na maji ya mitaa hii yana njia zake. Mabomba ya plastiki yamepitishwa juu juu, mengine ndani ya mitaro ya maji taka yenyewe. Maji yanapokuwa ya zamu, bomba hubaki tupu siku kadhaa. Presha ikishuka, bomba lenye ufa hunyonya kilichopo nje. Siku maji yanaporudi, mtungi wa kwanza ndio unaobeba yote hayo, na ndio unaogombewa zaidi. Hakuna kidonge kinachopiga bomba.

Julai 2025 Kenya ilianza kuchanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya taifodi. Chanjo yenyewe ilikuwa imejaribiwa Blantyre, Malawi, kwa watoto zaidi ya 28,000, ikapunguza taifodi kwa takriban asilimia 80. Inafundisha mwili kutambua sukari iitwayo Vi iliyomfunika bakteria kwa nje. Mwenye plasmidi na asiye nayo wote wamevaa sukari hiyo, kwa hiyo wote wanatambulika. Asiyetambulika ni bakteria aliyekwisha kukaa kwenye nyongo ya mtu mzima, pengine mwuza chakula wa kando ya barabara, aliye nje ya umri wa chanjo na asiye na homa ya kumpeleka kwenye chemisti yoyote.